Kwani gitaa la kweli ni lazima linuke thina?

Wasee, mwezi wa nne nilimaliza kuchonga bodi ya gitaa langu la kwanza la umeme. Mbao ni saiprasi ya Elburgon, na kazi yote niliifanyia kwa kibanda cha fundi wa fanicha hapa Nakuru. Ikabaki kupaka tu. Fundi hata hakuuliza. Alitoa mkebe wa NC, akamimina thina, akawasha kompresa. Kibanda ni cha mabati, dirisha ni moja, na kijana anayejifunza kazi alikuwa humo ndani akipiga msasa bila maski.

Nikasema, "Fundi, hebu ngoja kidogo."

Enyewe, mimi ndiye niliyekuwa nimeitaka hiyo NC. NC ni nitroselulosi, na karibu kila video ya gitaa niliyotazama inaisifu. Ati inaacha mbao ipumue, ati ndiyo siri ya Fender na Gibson za miaka ya 50. Lakini nilipoenda kusoma historia yake, niliona tumeuziwa hadithi tamu.

Hii kitu ilianza kama kilipuzi. Mwaka 1846, mkemia wa Basel aliyeitwa Schönbein alitangaza kwamba pamba ikiloweshwa kwenye asidi kali inalipuka kuliko baruti. Baadaye watu wakajifunza kuidhibiti na kuiyeyusha. Filamu za sinema za zamani zilikuwa za nitroselulosi, ndiyo maana zilikuwa zinashika moto vibaya sana.

Sasa iliingiaje kwa gitaa? Kupitia magari! Zamani kupaka gari moja kulichukua wiki kadhaa kwa sababu rangi ya mafuta hukauka polepole. Kampuni ya DuPont ikatengeneza rangi ya nitroselulosi, ikaiita Duco, na General Motors ikaipaka magari yake ya Oakland ya modeli ya 1924. Ilikuwa inakauka haraka sana. Wenye viwanda vya gitaa nao wakaona, kumbe tunaweza kutoa mzigo haraka hivi! Wakahamia huko. Leo Fender, aliyeanza kama fundi wa redio kule Fullerton, California, alichukua mpaka rangi za magari. Ile nyekundu maarufu inayoitwa Fiesta Red ni rangi ya Ford.

Kwa hivyo kile tunachokiita siri ya sauti kilikuwa haraka ya kiwanda. Na mwishoni mwa miaka ya 60 Fender hao hao wakaanza kuhamia poliesta. Kama NC ingekuwa ndiyo roho ya gitaa, wangeiacha?

Kabla ya NC, magitaa mengi mazuri yalipakwa shelaki, utomvu wa mdudu mdogo wa India. Shelaki hiyo hiyo ndiyo iliyotengeneza santuri za zamani, na santuri zilifika mpaka huku kwetu. Ukipita Kericho uelekee Sotik utapata Kapkatet. Mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi hapo Wakipsigis wakiimba kuhusu "Chemirocha". Huyo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa 1933, ambaye walimjua kwa santuri tu. Waliimba wakipiga chepkong', ala ya nyuzi ya kwao. Chepkong' haikuwa na NC hata tone, na mpaka leo watu duniani wanausikiliza huo wimbo.

Lakini tusidanganyane, NC ina faida zake. Ukipaka koti jipya, linayeyusha la chini kidogo na yanashikana, kwa hivyo mkwaruzo unarekebishika bila kuonekana. Inakauka haraka, inang'aa, inaipa mbao joto fulani la rangi. Na iko kwa kila duka la rangi mjini. Fundi anayelipwa kwa kazi iliyomalizika hawezi kungoja wiki mbili. Simlaumu.

Laka ya maji nayo ilisukumwa na sheria. Moshi wa Los Angeles ulizidi, na mwaka 1966 serikali ya huko ikabana viyeyusho vya rangi. Sheria zikaendelea kukaza, viwanda vikalazimika kutafuta rangi yenye mivuke kidogo. Haimaanishi ni maji ya kunywa, bado unahitaji maski na hewa. Pia ni shida kuipata hapa Nakuru, inaacha mbao ikiwa imepauka, na kurekebisha mkwaruzo ni kazi kweli. Mvua ya masika nayo inaichelewesha sana, ingawa hata NC ikipulizwa kwenye unyevu inapata ukungu mweupe.

Kwa hivyo swali langu likabadilika. Kwa gitaa la umeme, sauti inashikwa na sumaku zilizo chini ya nyuzi. Tofauti ya vanishi, kama ipo, mimi siwezi kuisikia. Lakini ile mivuke ya thina naisikia kichwani baada ya dakika kumi tu, na huyo kijana anaivuta siku sita kwa wiki. Wenye hiyo "siri" walitungiwa sheria ya hewa kitambo. Sisi tumebaki tukisifu harufu.

Nilichagua ya maji. Fundi alicheka, akasema, "Haya, ni gitaa yako." Nilipaka makoti tisa kwa brashi, nje kwa veranda, nikingoja jua. Ilichukua karibu wiki tatu. Imepauka kidogo, na karibu na shingo kuna alama ya brashi ambayo haijatoka.

Kijana sasa ana maski, nilimnunulia. Makochi ya kibanda bado yanapakwa NC, na bado dirisha ni moja.

Nimeshapiga hilo gitaa mbele ya watu mara tatu. Hakuna hata mmoja ameniuliza nilipaka nini.