CHOO, BOMBA LA MVUA NA SUFURIA: HISTORIA YA KUBANA MAJI NYUMBANI

Kwenye mfululizo wetu wa historia na afya, leo ni zamu ya maji ya nyumbani. Swali linalorudi kila mara ni hili: "Nesi, kubana maji kunahusiana nini na hewa ukaa na mabadiliko ya tabianchi? Maji si yanatoka mbinguni?" Swali zuri. Jibu lake lina historia, na historia hiyo inaishia jikoni kwako. Vuta kiti, twende taratibu.

1. KESI ILIANZIA CHOONI

Serikali za nchi tajiri zilipoanza kubana maji majumbani, hofu kubwa ilikuwa mabwawa kukauka na mitambo ya majitaka kuelemewa. Mshtakiwa wa kwanza akawa choo cha kuflashi. Marekani vyoo vya zamani vilikula lita 19 na zaidi kwa kuflashi mara moja. Yaani karibu dumu zima la lita 20 linaondoka na haja ndogo ya mtu mmoja!

Mwaka 1980 kampuni ya Caroma ya Australia ilitoa choo chenye vitufe viwili, maji kidogo kwa haja ndogo na maji mengi kwa haja kubwa. Mwaka 1989 jimbo la Massachusetts likaweka kikomo cha lita 6. Kisha mwaka 1992 Rais George H. W. Bush akasaini sheria ya taifa zima: choo kipya cha nyumbani kisizidi lita 6 kwa kuflashi, na bomba la mvua la kuogea lisizidi lita 9.5 kwa dakika. Ilianza kufanya kazi mwaka 1994.

Sasa angalia kitu kimoja. Sheria hiyo haikuitwa sheria ya maji. Iliitwa Energy Policy Act, sheria ya sera ya nishati. Shika hapo, tutarudi.

2. WATU WAKANUNA

Vyoo vya kwanza vya lita 6 vilikuwa na matatizo. Viliziba, watu wakaflashi mara mbili, faida ikapotea. Wengine walivuka mpaka kwenda Kanada kununua vyoo vya zamani. Mbunge Joe Knollenberg wa Michigan alipeleka muswada wa kufuta kikomo hicho, ukakwama.

Dawa ilipatikana kwenye vipimo. Kuanzia mwaka 2003 vyoo vilianza kujaribiwa kwa vipande vya soya iliyosagwa na kukandwa, vyenye uzito na ulaini unaofanana na kile mnachokijua. (Sisi manesi hatuoni aibu kuongea haya.) Choo kikishindwa kusukuma, kinajulikana. Watengenezaji wakabadilisha umbo la bakuli na njia ya maji, na leo kuna vyoo vya lita 4.8 vinavyofanya kazi vizuri kuliko vile vya lita 13.

Ubishi wa bomba la mvua lakini haujaisha. Kanuni yake ililegezwa mwaka 2020, ikakazwa tena 2021, na mwaka 2025 Rais Trump akaamuru ilegezwe upya.

3. CALIFORNIA YAPIGA HESABU

Mwaka 2005 tume ya nishati ya California ilitoa ripoti iliyoshtua watu. Kusukuma maji, kuyasafisha, kuyapasha moto na kutibu majitaka, kwa majumbani, mashambani na viwandani, kulikula asilimia 19 ya umeme wote wa jimbo. Kulikula pia karibu theluthi moja ya gesi asilia isiyotumika kwenye mitambo ya umeme.

Kwa nini kiasi hicho? Kwanza, maji ya kusini yanatoka kaskazini. Pampu za Edmonston zinayapandisha karibu mita 600 kuvuka milima. Maji ni mazito jamani, lita moja ni kilo moja. Anayebeba ndoo kichwani hahitaji kuelezwa.

Pili, na hii ndiyo kubwa: sehemu kubwa ya nishati hiyo inatumika baada ya maji kumfikia mtumiaji, hasa kwenye kuyapasha moto. Chukua lita 50 za kuoga, zitoe kwenye nyuzi 20 hadi 40. Umeshatumia zaidi kidogo ya uniti moja ya umeme. Lita 50 za kuflashi hazipashwi moto kabisa.

Uingereza nao walifika hapo hapo miaka michache baadaye. Ukichukua hewa ukaa yote inayotokana na maji, kuanzia chanzo hadi majitaka, karibu asilimia 90 ilitokana na matumizi ya ndani ya nyumba, hasa kuyapasha moto.

Umeona sasa? Choo ndicho kilichopigiwa kelele, lakini hewa ukaa ilikuwa imejificha kwenye bomba la mvua na birika. Ndiyo maana jina la ile sheria ya 1992 lilikuwa sahihi.

Ushahidi ukaja na ukame. Aprili 2015 Gavana Jerry Brown aliamuru miji ya California ipunguze maji kwa asilimia 25. Miji ikafika karibu kabisa na lengo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipiga hesabu ya pampu na mitambo tu: uniti zaidi ya bilioni 1.8 za umeme ziliokolewa, na zaidi ya tani 500,000 za gesijoto hazikwenda angani.

4. NA SISI JE?

Hapa naomba unisikilize kama nesi.

Kati ya 1966 na 1968 watafiti watatu, Gilbert White, Anne White na daktari David Bradley, walipima maji ya majumbani kwenye maeneo 34 ya Kenya, Uganda na Tanzania. Kitabu chao, Drawers of Water, kilitoka 1972. Bradley alionyesha kuwa magonjwa ya maji si ya maji machafu peke yake. Yapo yanayoletwa na maji KIDOGO: upele, vikope, na sehemu kubwa ya kuhara. Mikono haioshwi, uso wa mtoto haunawishwi. Watafiti waliporudi maeneo hayo miaka 30 baadaye, matumizi ya nyumba zenye bomba yalikuwa yameshuka karibu nusu. Haikuwa sera nzuri ya kubana maji. Kubwa lilikuwa mabomba kuchoka na mgao.

Linganisha: mwaka 2018, katika ukame mkali, Cape Town iliweka kikomo cha lita 50 kwa mtu kwa siku, dunia nzima ikashangaa. Kuna mama zetu ambao lita 50 ni za familia nzima. Huyo ukimwambia abane maji ili kuokoa tabianchi, unamwandikia cheti cha kuja wodini kwetu.

Kwa hiyo kwetu tubane wapi? Kwenye mabomba yanayovuja barabarani kwanza. Maji ya Ruvu yanayofika Dar yameshakula umeme wa pampu kabla hayajamwagika. Wenye hita na bustani, ninyi ndio mnaohusika na sheria za akina California.

Kisha sufuria. Mkaa unakata misitu, na tanuri lake linatoa gesi kabla hujawasha jiko. Nasi tunawaambia mchemshe maji ya kunywa, na lazima mchemshe. Ila wengi wanayaacha yatokote dakika 20. Shirika la Afya Duniani linasema maji yakishatokota kwa nguvu, vijidudu vya magonjwa vimeshakufa. Epua, yapoe yenyewe yakiwa yamefunikwa. Funika sufuria tangu mwanzo. Pale penye vidonge vya klorini, fuata maelekezo yake, mkaa unabaki gunia.

Lita za kunawa mikono usiziguse. Punguza moto, usipunguze usafi.

Maswali weka hapa chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu.