Miezi 18

Mwalimu Nyerere alipowahutubia wazee wa Dar es Salaam tarehe 2 Novemba 1978, sisi huku Kinampanda, Iramba, tuliizunguka redio moja ya betri. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera. Uwezo, sababu, nia: wanachuo walikariri maneno yale bwenini kwa kuiga sauti yake. Hotuba ya vita huaminika upesi, maana adui ana jina.

Iliyonilemea mimi ni kauli ya baada ya vita. Kampala ilitekwa Aprili 1979. Vita vilikuwa vimekomba fedha za kigeni, na mafuta yalikuwa yakipanda bei. Tukaombwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Nami, mkufunzi kijana wa hisabati, niliwahakikishia wanachuo kuwa sabuni na sukari zitarudi, kwa kuwa Mwalimu ametaja idadi.

Mwaka 1983 nilikuwa bado kwenye foleni ya sukari. Nyuma yangu alisimama mmoja wa wanachuo wale, sasa mwalimu mwenzangu.

“Shikamoo, mkufunzi. Hivi tulianza kuhesabu lini?”

Nilimwitikia marahaba. La pili sikumjibu.