Homoni na Dawa za "Kurudisha Ujana" kwa Wanaume: Tufahamu Nini, Tufanye Nini?

Wahenga walinena kwamba ujana ni moshi, ukienda haurudi. Siku hizi wapo wanaodai kwamba huweza kurudishwa kwa sindano, kidonge au unga wa kukoroga katika kahawa. Mjini Moshi na katika vijiji vya mteremko wa Kilimanjaro, kuanzia Machame na Kibosho hadi Marangu na Rombo, wanaume waliovuka umri wa miaka 50 hukutana na madai hayo katika simu zao na katika mazungumzo ya vijiweni. Kwa kuwa jambo hili lagusa mwili, ndoa na mfuko wa familia, tumeona vema kulieleza kwa waamini. Maelezo haya hayachukui nafasi ya daktari.

Testosteroni ni nini?

Testosteroni ni homoni inayotengenezwa hasa na korodani, kwa amri ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Ndiyo inayompa kijana sauti nzito na ndevu, na katika utu uzima husaidia misuli, mifupa, utengenezaji wa damu na mbegu za kiume, pamoja na hamu ya tendo la ndoa.

Hamu ya kuzuia uzee kwa njia hii ni ya zamani. Mwaka 1889 tabibu Charles-Édouard Brown-Séquard, akiwa na umri wa miaka 72, alitangaza mjini Paris kwamba amejidunga maji ya korodani za wanyama na kurudiwa na nguvu. Baadaye ilibainika kwamba maji yale hayakuwa na homoni ya kutosha kuleta badiliko lolote. Kilichomnyanyua ni matumaini yake mwenyewe. Testosteroni yenyewe ilitengenezwa katika maabara mwaka 1935.

Kwa wanaume wengi kiwango cha homoni hii hushuka polepole, takriban asilimia 1 kwa mwaka baada ya umri wa miaka 30 hadi 40. Kushuka huko peke yake si ugonjwa, kama mvi zisivyo ugonjwa. Utafiti wa nchi kadhaa za Ulaya uliochapishwa mwaka 2010, uliohusisha wanaume zaidi ya 3,000 wenye umri wa miaka 40 hadi 79, ulionyesha kwamba waliokuwa na upungufu halisi wa uzeeni, wenye dalili zinazoandamana na kipimo, walikuwa kama asilimia 2 tu.

Nani anahitaji tiba?

Upungufu wa kweli upo, na anayeupata hana sababu ya kuona aibu. Huweza kuletwa na kuumia kwa korodani, matumbwitumbwi yaliyoshuka korodanini, uvimbe katika tezi ya ubongoni, au matibabu ya saratani. Unene uliokithiri, kisukari, pombe nyingi na baadhi ya dawa za maumivu makali pia hushusha homoni, na mara nyingi kiwango hupanda tena chanzo kikishughulikiwa.

Daktari hathibitishi upungufu kwa kumtazama mgonjwa usoni wala kwa orodha ya maswali. Hupima damu asubuhi, mgonjwa akiwa hajala, na hurudia kipimo siku nyingine. Hutafuta chanzo, na huchunguza tezi dume kabla ya kuanza tiba, kwa sababu saratani ya tezi dume ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanaume nchini Tanzania. Baada ya hapo damu hupimwa mara kwa mara, kwa kuwa homoni hii huweza kuifanya iwe nzito kupita kiasi. Anayeuziwa sindano bila hatua hizo ameuziwa bidhaa, tiba hajaipata.

Faida na madhara

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2016, uliohusisha wanaume 790 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliokuwa na kiwango cha chini, ulionyesha kwamba hamu ya tendo la ndoa iliongezeka kwa kiasi, lakini uchovu haukupungua kama ilivyotarajiwa. Utafiti mkubwa zaidi, wa wanaume wapatao 5,200, ulichapishwa mwaka 2023. Kiharusi na mshtuko wa moyo havikuongezeka kwa waliopewa homoni kuliko kwa waliopewa dawa bandia. Hata hivyo mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, madhara ya ghafla ya figo na damu kuganda mapafuni vilionekana zaidi kwao. Hata mifupa iliyovunjika ilikuwa mingi zaidi upande wao, ingawa wengi hudhani homoni huilinda daima. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza maelezo ya dawa hizi yataje kwamba huweza kupandisha shinikizo la damu, na ikabakiza tamko kwamba matumizi yake kwa upungufu unaotokana na umri tu hayajathibitishwa.

Lipo jambo moja ambalo wauzaji hulitaja kwa nadra. Testosteroni inayotoka nje ya mwili huziambia korodani zipumzike, na utengenezaji wa mbegu hupungua au hukoma. Shirika la Afya Duniani liliwahi kusimamia majaribio ya kuitumia sindano hiyo kama njia ya kuzuia mimba kwa wanaume. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1990, zaidi ya nusu ya walioshiriki walifikia kutokuwa na mbegu kabisa. Mbegu kwa kawaida hurudi baada ya kuacha dawa, lakini huchukua miezi mingi, na kwa wengine zaidi. Mwanamume wa miaka 45 ambaye yeye na mkewe bado wanatamani mtoto hujidunga ili awe "mwanamume kamili", kumbe anajifungia mlango wa uzazi bila kujua. Mwenye upungufu wa kweli na anayetaka mtoto amwambie daktari mapema, kwa maana zipo tiba nyingine za kufikiriwa.

Dawa nyingine zinazotumiwa nje ya kusudi lake

Daktari anaweza, kwa sababu nzuri, kutoa dawa kwa kusudi ambalo haikusajiliwa. Hilo si kosa. Kosa huja pale ahadi inapotangulia ushahidi.

Metformini ni dawa njema ya kisukari, na watafiti wanachunguza kama huchelewesha uzee. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba watu wa miaka 65 na zaidi waliofanya mazoezi ya kunyanyua vyuma huku wakimeza metformini walijenga misuli kidogo kuliko wenzao waliopewa dawa bandia. Rapamisini, iliyotokana na kijidudu cha udongo wa kisiwa cha Rapa Nui, imerefusha maisha ya panya. Kwa binadamu hilo halijathibitishwa, na dawa hiyo hupunguza kinga ya mwili. Katika nchi yenye kifua kikuu, hilo si dogo. Homoni ya ukuaji huweza kupandisha sukari, kuvimbisha mwili na kuumiza viungo.

Sildenafili, iliyoidhinishwa mwaka 1998, huwasaidia wengi inapotolewa na daktari. Ikichanganywa na dawa za moyo za aina ya naitreti, huweza kushusha shinikizo la damu hadi kifo. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimekuta mara nyingi sildenafili iliyofichwa ndani ya unga na vidonge vinavyouzwa kama mitishamba mitupu. Anayekunywa "vumbi la Kongo" hajui anachokunywa. Tena, kupungukiwa nguvu za kiume huweza kuwa dalili ya kwanza ya mishipa ya moyo kuziba. Anayeificha dalili kwa unga huacha ugonjwa uendelee.

Tatizo lililo karibu zaidi nasi

Utafiti uliofanywa katika vijiji vya Wilaya ya Hai na kuchapishwa mwaka 2013 uliwapima watu 2,223 wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Karibu saba kati ya kila kumi walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi hawakujua, na waliolidhibiti walikuwa wachache sana. Hapo ndipo uzee wa wanaume wetu unapoharibikia: katika kiharusi ambacho kipimo cha dakika chache na vidonge vya bei nafuu vingeweza kukizuia. Mzee anayetoa fedha ya kahawa kununua sindano ya ujana, naye hajawahi kufungwa mkanda wa kupimia shinikizo, ameanza na paa kabla ya msingi.

Kanisa linatufundisha nini?

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288 na 2289, yafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi za thamani tunazopaswa kuzitunza kwa busara, na papo hapo yakataa kuabudu mwili na kuutolea yote sadaka. Yoshua bin Sira, sura ya 38, atuagiza kumheshimu tabibu. Kutibu upungufu halisi ni halali. Waraka *Humanae Vitae* wa mwaka 1968, namba 15, waruhusu tiba ya lazima hata ikipunguza uwezo wa kuzaa, mradi upungufu huo usiwe ndio unaokusudiwa. Mume hana budi kumshirikisha mkewe, kwa maana uzazi ni wa wote wawili.

Uzee nao una wito wake. Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko alianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, inayoadhimishwa Jumapili ya nne ya Julai. Mzee anayepatanisha wana waliogombania kihamba, akishika jani la isale, ana nguvu ambayo hakuna duka linaloiuza.

Tufanye nini?

Kila mwanamume aliyefikisha miaka 40 apime shinikizo la damu na sukari walau mara moja kwa mwaka. Kuhusu tezi dume, aliyefikisha miaka 50, au 45 ikiwa baba au ndugu yake aliugua, azungumze na daktari. Vituo vipo: zahanati za karibu, hospitali za Kibosho, Kilema na Huruma, na kwa rufaa, KCMC. Mbege na pombe nyingine zipunguzwe, usingizi uheshimiwe, kazi ya shambani na kutembea mlimani viendelezwe. Dawa zinunuliwe kwa cheti cha daktari katika duka lililosajiliwa. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, pamoja na UWAKA na WAWATA, zinaweza kumwalika muuguzi aje na kipimo cha shinikizo baada ya sala. Na atakayeona dalili zinazomtia aibu amwendee daktari kwanza, kabla hajamwendea muuzaji.