Kutoka Malindi Hadi Darubini ya Baridi

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hiyo ndiyo ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani.

Kwani kwa nini Malindi? Setilaiti ikizunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya chembe za umeme zinazovitia vifaa kelele. Shika hapo: anayetaka kusikia mnong'ono wa mbali, kwanza aondoe kelele za karibu.

Kwa darubini za infraredi ya mbali na submilimita, somo hilo ni gumu zaidi. Mawingu ya gesi na vumbi ambamo nyota huzaliwa ni baridi mno. Hayang'ai kwa macho yetu. Hutoa joto hafifu tu, na mvuke wa maji ulio hewani huimeza sehemu kubwa ya miale hiyo. Basi darubini ipandishwe juu ya hewa. Lakini huko nako kuna shida: darubini yenyewe ina joto, na kila chenye joto hutoa miale. Wewe wa Kibera au Kawangware walijua hili. Jua likishazama, bati la nyumba bado hukutupia joto gizani. Sasa hebu kaa kando ya jiko la makaa, kisha ujaribu kuhisi joto la mshumaa wa jirani ng'ambo ya kichochoro. Utaweza?

Dawa ni kuipoza darubini. Nyanya zetu walijua njia: mtungi hutoka jasho, na jasho likikauka huondoka na joto. IRAS, darubini ya Marekani, Uholanzi na Uingereza, ilipozwa kwa heliamu ya majimaji iliyokuwa ikigeuka mvuke kidogo kidogo. Ilirushwa Januari 1983. Novemba heliamu ikaisha, na kazi ikaishia hapo.

Herschel ya Ulaya, mwaka 2009, ilipangwa vingine. Kioo chake cha mita 3.5 kilikaa kivulini nyuma ya ngao ya jua, kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, kikapoa chenyewe hadi karibu nyuzi 190 chini ya sifuri. Heliamu, zaidi ya lita 2,300, iliwekewa vifaa vya kupokea miale tu. Ikadumu hadi Aprili 2013.

Nasi je? San Marco ilirusha mara ya mwisho mwaka 1988. Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilipanda 2023 kutoka California. Ikweta haijahama, ndugu yangu, na bahari ipo pale pale. Kinachotakiwa ni watu wenye ilimu. Leo usiku, fungua ile sura ya joto katika kitabu chako cha fizikia. Usiiruke.