Robeson na wimbo wa kuli wa Mississippi

Tarehe 23 Januari 2026 ilitimia miaka 50 tangu Paul Robeson afariki dunia mjini Philadelphia, Marekani. Akitajwa siku hizi hutajwa zaidi kwa siasa: rafiki wa Moscow, mtu aliyenyang'anywa pasipoti na serikali yake, mtetezi wa uhuru wa Afrika. Yote ni kweli. Lakini sisi tuliompendea jukwaani tunalo dai letu, na dai hilo linahusu uhusika mmoja mdogo ambao mikononi mwa mtu mwingine ungepita bila kukumbukwa.

Mtoto wa mchungaji aliyetoroka utumwani, nyota wa kandanda ya Kimarekani katika Chuo cha Rutgers, mwanasheria aliyesomea Columbia na kuiacha kazi hiyo mapema: hayo yanajulikana. Mwaka 1924 alikuwa tayari kwenye tamthilia za Eugene O'Neill na watu wa New York walikuwa wameanza kumzungumzia.

Kisha akaja Joe. Jerome Kern alitunga muziki wa igizo la Show Boat, Oscar Hammerstein akaandika maneno, na wote wawili walikuwa na Robeson akilini walipomuumba kuli huyu wa Mto Mississippi. Maandalizi yakachelewa, hivyo igizo lilipofunguliwa New York mwaka 1927, Joe alikuwa Jules Bledsoe. Robeson alimpata Joe wake mwaka 1928, katika ukumbi wa Drury Lane, London. Joe hana kisa cha mapenzi wala cha kulipiza kisasi. Anatokea, anasemwa na mkewe kwa uvivu, anaimba “Ol' Man River”, anarudi pembeni. Waandishi Weusi walilalamika wakati ule, na walikuwa na haki: mtu mwenye kipaji kile amepewa kubeba marobota na kunung'unika.

Filamu ya 1936, iliyoongozwa na James Whale, inatuonyesha alivyouchukua uhusika huo. Robeson ameketi gatini anachonga kijiti kwa kisu. Kamera inamzunguka polepole, inamtoka mgongoni, inakuja usoni. Hainui mkono, hasimami, hapigi kelele. Besi yake inaanza chini kabisa, kama mtu anayeongea na nafsi yake, na ndipo picha zinabadilika: mara amejitwika robota la pamba, mara yuko lupango kwa ulevi. Nimewaona waigizaji wengine wakiuimba wimbo huo wakiwa wamepanua mikono kuelekea ghorofani. Sauti wanayo, lakini hawana ule utulivu.

Sasa ugomvi. Martin Duberman, aliyeandika maisha ya Robeson katika kitabu kinene cha mwaka 1988, anaufuatilia kwa makini, nami namfuata yeye. Wimbo ulivyoandikwa ulianza na tusi la rangi, lile ambalo Mzungu wa Marekani alimtupia Mweusi. Kwenye filamu tusi likapunguzwa makali, likawa neno la dharau tu. Baadaye Robeson alilifuta kabisa, akaweka mzee aitwaye Mississippi. Mwisho wa wimbo ulimkera zaidi. Joe wa Hammerstein amechoka kuishi na anaogopa kufa. Desemba 1937, katika ukumbi wa Royal Albert Hall, kwenye mkutano wa kuisaidia Hispania iliyokuwa vitani, Robeson aliimba kwamba ataendelea kupigana mpaka kifo kimkute. Tangu hapo hakurudi nyuma. Hammerstein hakupendezwa. Alisema maneno ni yake, hana nia ya kuyabadili wala kumruhusu mtu ayabadili, na Robeson atunge nyimbo zake mwenyewe.

Kisheria Hammerstein alikuwa sahihi. Mimi nipo upande wa mwizi.

Hasira ya Robeson ilikuwa na chanzo cha karibu, na hapo historia inagusa kwetu. Robeson alikuwa amejiandikisha School of Oriental Studies mjini London kusoma lugha za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Akitaka dunia ione utamaduni wa Afrika, alikubali kucheza Bosambo katika Sanders of the River, filamu ya ndugu Korda iliyotoka mwaka 1935, yenye nyimbo za Mischa Spoliansky. Kijiji cha Kiafrika kilijengwa studioni Shepperton, Uingereza, na miongoni mwa waliovalishwa uchifu mdogo alikuwamo Jomo Kenyatta, wakati huo akiishi London. Filamu ilipokamilika ikaonekana ni sifa tupu kwa bwana shauri Mwingereza anayewatuliza wenyeji. Robeson alidai mwelekeo huo uliingizwa dakika za mwisho, akaikana filamu. Hebu fikiria: rais wa kwanza wa Kenya na besi kubwa kuliko zote za Amerika, wote ndani ya sinema moja ya kuusifu ukoloni, na simulizi hiyo hatuisikii hata siku za sikukuu za uhuru.

Othello tuupitie haraka, ingawa ndio wanaousifu wasomi. Mwaka 1929 alikataliwa huduma katika mgahawa wa Savoy Grill. Mwaka uliofuata akacheza Othello katika ukumbi wa Savoy, jirani hapo hapo, pamoja na Peggy Ashcroft. New York ilimpata mwaka 1943, ikamwona mara 296, rekodi ya tamthilia ya Shakespeare kwenye Broadway.

Pasipoti ilichukuliwa mwaka 1950 na kurudishwa 1958. Katikati aliimba kwa njia ya simu, sauti ikivuka bahari hadi kwa wachimba migodi wa Wales. Novemba 1960 alifika Sydney wakati jumba la opera lilikuwa bado vyuma na zege, akawaimbia mafundi saa ya chakula, wengine wakining'inia kwenye majukwaa ya ujenzi. Aliimba “Ol' Man River”, ule wake. Baada ya hapo afya ikamshinda.

Anayetaka kumjua aanze na gati la filamu ya 1936, kisha atafute rekodi ya Carnegie Hall ya Mei 1958. Humo wamo Joe na Othello jioni moja, na Joe si yule tena aliyeandikwa na Hammerstein.