Mota ya Jego na ampea 10 za bure

Haya wasomaji, leo tuache kompyuta kidogo. Nilikuwa Jego, upande wa Vanga, kwa mzee mwenye mashine ya kusaga mahindi. Mota yake ni ya fezi tatu, kilowati 15, na kibao kinasema ampea 28, mizunguko 1,460 kwa dakika. Fundi akatoa mkanda, akaiacha mota izunguke yenyewe, akabana klampu mita kwenye waya mmoja. Ampea 10!

"Mwanangu, haisagi hata punje, na inakunywa theluthi ya stima yangu!" Mzee alishaamua kununua mota nyingine, na bei yake si mchezo.

Kumbe wasiwasi huo ni wa zamani. Mwaka 1821 Mfaransa Gaspard de Prony alipima kazi ya mashine kwa kubana mhimili wake na vipande vya mbao vyenye mkono mrefu, kisha kuning'iniza uzito mwishoni. Uzito, urefu wa mkono na mizunguko vinatosha kukupa jibu. Ila huwezi kusaga huku umeibana hivyo.

Halafu zikaja mota za umeme wa kwenda na kurudi. Ferraris na Tesla walitangaza kazi zao 1888, na 1889 Dolivo-Dobrovolsky akatengeneza ya fezi tatu, babu wa hii ya Jego. Hapo ndipo ampea zilipoanza kudanganya watu. Sehemu ya mkondo hujenga usumaku tu, inaingia na kurudi kwenye laini bila kufanya kazi. Klampu inahesabu yote. Mwaka huohuo wa 1889 Mhungari Ottó Bláthy alipata hataza ya mita ambayo kisahani chake husukumwa na volti na mkondo kwa pamoja, kwa hiyo kinachokwenda na kurudi kinajifuta.

Basi tukaenda kwenye mita ya stima, tukahesabu taa inavyopepesa kwa saa mkononi. Volti mara ampea zilitupa kama 7,200. Mita ilisema chini ya kilowati 1.

Tukarudisha mkanda na kumwaga mahindi. Klampu: 17. Ungedhani asilimia 60 ya mzigo. Lakini mota hii ikiwa tupu hukaribia mizunguko 1,500, na ikielemewa kamili hushuka hadi 1,460. Tulipata 1,480, yaani nusu tu (hesabu ya haraka, lakini inasaidia).

Mota imebaki. Mzee alinunua mkanda mpya, ule wa zamani ulikuwa unateleza.