Kitenzi cha Kupiga na Wageni wa Pemba

Msafiri aufikiaye mji wa Chake Chake kwa barabara itokayo bandari ya Mkoani huukuta umekaa juu ya vilima, na chini yake mkono wa bahari ulioingia bara kwa kupenya baina ya mikoko. Na akiuzunguka mji huo ataona masalio ya ngome kongwe, ambayo sehemu yake kubwa ilivunjwa mwanzoni mwa karne ya 20 ili ipatikane nafasi ya kujenga hospitali, na iliyosalia imegeuzwa makumbusho. Katika kiwanja hicho kimoja wamepokezana wageni wa namna mbili: waliokuja na mizinga, na waliokuja na dawa. Tarihi ya wale wa kwanza imeandikwa na Waarabu, Wareno na Waingereza. Ya hao wa pili haijapata mwandishi wa kuitosheleza, hususan katika jambo lisiloepukika kwa tabibu yeyote awaye, nalo ni kujua mgonjwa asema nini; na mimi nimeona bora niiendee kwa njia nyembamba ya kitenzi kimoja, kitenzi cha kupiga, ambacho kila mgeni aliyejifunza Kiswahili amekutana nacho mapema na akashughulika nacho sana.

Ugeni wa Pemba ni wa kale. Yaqut, mwanajiografia wa karne ya 13, alikitaja kisiwa hiki kwa jina la Kiarabu lenye maana ya kisiwa cha kijani, akataja na miji yake miwili, Mtambwe na Mkumbuu. Na huu wa pili ni ule ambao magofu yake yangalipo Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, penye msikiti na makaburi ya nguzo. Katika magofu ya pwani yetu hupatikana vigae vya vyombo vya Kichina, na yako makaburi ambayo wenyewe waliyapamba kwa kupachika mabakuli ya Kichina katika kuta zake. Lakini vyombo hivyo vilifika kwa mikono ya Waarabu, Waajemi na Wahindi, na hata merikebu za amiri wa Kichina Zheng He zilipofika Malindi katika karne ya 15, haikubaki athari ya lugha. Bakuli lilikuja, mwenye kulifinyanga hakuja naye.

Walioanza kukikalia kitako Kiswahili kwa kitabu na kalamu ni Wazungu. Misheni ya Vyuo Vikuu ilihamia Unguja mwaka 1864, na Edward Steere wa misheni hiyo akachapisha kitabu chake cha kufundishia lugha mwaka 1870. Miaka miwili baadaye tufani kubwa iliiangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, na tangu hapo utajiri wa karafuu ukawa wa kisiwa hiki, na macho ya Waingereza yakakigeukia. Himaya ilipowekwa mwaka 1890, na hukumu ya utumwa ilipofutwa mwaka 1897, jamaa wa madhehebu ya Quaker waliweka misheni yao Banani, jirani na Chake Chake, ili kuwapa kazi na makazi watu walioachwa huru. Wageni hao walisoma Kiswahili kwa vitabu vya Steere na kamusi za Madan, na baadaye kwa kamusi ya Johnson ya mwaka 1939.

Mtu akifungua kamusi hizo penye herufi ya P atafahamu mashaka waliyokuwa nayo. Maana ya asili ya kitenzi chenyewe, yaani kumchapa mtu au kugonga kitu, huishia katika mistari michache; kisha hufuata msururu mrefu: kupiga pasi, kupiga hodi, kupiga magoti, kupiga miayo, kupiga mbizi, kupiga makasia, kupiga ramli, kupiga kelele, kupiga mbio, kupiga fundo, kupiga moyo konde. Hapana katika hayo hata moja ambalo Mwingereza angelitumia kitenzi chake cha kupiga. Yeye kila moja amelitengea kitenzi cha peke yake, na pale anapotaka kitenzi cha kutumika kwa mengi hukimbilia kutoa, kuchukua na kufanya: sindano humpa mgonjwa, picha huichukua, simu na kelele huzifanya. Basi watunga kamusi wale walifanya lililokuwa ndani ya uwezo wao, nalo ni kuhesabu moja baada ya moja, bila ya kumwonyesha mwanafunzi uzi upitao ndani ya shanga hizo. Siwalaumu, kwani kazi yao ilikuwa ya uaminifu mkubwa, na sisi sote tumekula matunda yake. Ila orodha haimfundishi mtu kutabiri, na mwanafunzi asiyeweza kutabiri hana budi kukariri.

Ikaja enzi ya kusanifisha. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuisimamia kazi hiyo. Wapemba, waliokuwa na washairi kama Kamange na Sarahani bin Matwar, hawakuwekwa katika mizani. Mpaka mtaalamu wa lugha W. H. Whiteley alipotoa kitabu chake juu ya lahaja na mashairi ya Pemba mwaka 1958, mgeni aliyeteremka Chake Chake alikuwa na kitabu kimoja mkononi na lugha nyingine masikioni.

Ndipo tunapofika mwaka 1964. Baada ya Mapinduzi ya Januari, serikali mpya ya Zanzibar ilifanya urafiki na China, na mnamo Agosti mwaka huo huo timu ya kwanza ya madaktari wa Kichina iliwasili visiwani. Ilikuwa ya pili kupelekwa barani Afrika na serikali ya Beijing, baada ya ile ya Aljeria ya mwaka 1963. Jimbo la Jiangsu ndilo lililopewa dhamana ya Zanzibar, na tangu hapo limeleta timu baada ya timu, wengine wakikaa Unguja katika hospitali ya Mnazi Mmoja, na wengine wakivuka mpaka Pemba, kituo chao kikiwa hospitali ya Abdulla Mzee, Mkoani, umbali wa maili ishirini hivi kutoka Chake Chake. Wakati huo Radio Peking ilikuwa imekwisha kuanza kutangaza kwa Kiswahili, tangu Septemba 1961, na vyuo vya Beijing vilikuwa vikifundisha lugha yetu. Lakini tabibu wa upasuaji au wa meno kutoka Nanjing si mwanafunzi wa vyuo hivyo. Aghalabu lugha anayotayarishwa nayo kabla ya safari ni Kiingereza, na timu huja na mkalimani. Kiswahili hukipata hapa, penye kitanda cha mgonjwa, kwa wauguzi na kwa wagonjwa wenyewe.

Na hapa ndipo palipo na ajabu ambayo naiona yastahiki kuandikwa. Mchina anacho kitenzi chake cha kupiga, nacho ni *da*, na katika maandishi yao herufi yake imeandikwa kwa alama ya mkono upande wa kushoto. Tabibu huyu, aliyekwisha kukariri kwa taabu kwamba kwa Kiingereza sindano hupewa mtu, amfikiapo mgonjwa wa Pemba husikia kwamba sindano hupigwa. Na kwao pia hupigwa, *da zhen*. Mgonjwa akipiga miayo, Mchina naye hupiga miayo, *da haqian*. Akipiga chafya, Mchina hupiga chafya, *da penti*. Simu hupigwa huku na huko, *da dianhua*. Ngoma hupigwa, *da gu*. Radi nayo hupiga, *da lei*. Hata picha, ambayo Mchina huitumia kitenzi kingine, *pai*, maana ya kitenzi hicho ni kupiga kwa kiganja. Baina ya Jiangsu na Pemba hapakuwa na undugu wa lugha hata chembe: lugha moja ni ya Kibantu, yenye ngeli na viambishi, na nyingine ni ya neno lisilobadilika umbo, lenye kutofautisha maana kwa kupandisha na kushusha sauti. Wala haisemekani kwamba mmoja alimwazima mwenziwe, kwani miayo haingojei tajiri wa merikebu. Kila kaumu ilipita njia yake peke yake, ikafika mahali pamoja.

Sababu yake, kwa kadiri nionavyo mimi, ni kwamba tendo la kupiga kwa mkono ni la ghafula, lina mwanzo na mwisho ulio wazi, na athari yake huonekana au husikika papo hapo. Chafya ni hivyo hivyo, na mlio wa radi ni hivyo, na mchomo wa sindano ni hivyo. Lugha zote mbili zilikitwaa kitenzi hiki, zikakivua uzito wake wa awali, zikakifanya hamali: shehena ya maana ikawa ni ya jina linalokifuata, na kitenzi kikabaki na kazi ya kulibeba. Na hamali akishazoeleka, hupewa na mizigo isiyokuwa na mshindo wowote, kama vile magoti, pasi na ramli.

Wachina wenyewe waliligundua jambo hili zamani mno. Ouyang Xiu, mwanachuoni na mtumishi wa serikali aliyeishi baina ya mwaka 1007 na 1072, alilalamika kwamba katika makosa ya usemi wa zama zake hapana kosa walilolishiriki wakuu kwa wadogo kama matumizi ya kitenzi hiki: watu wasema wapiga mashua, nao waiunda, wapiga maji, nao wayateka, wapiga samaki, nao wawavua, wapiga mwavuli, nao waushika tu. Yeye aliona ni uharibifu. Karne tisa baadaye Liu Bannong, mtaalamu wa lugha na mshairi, alikusanya misemo ya kitenzi hicho hicho na akakikemea kwa maneno makali. Nawaheshimu wote wawili kwa elimu yao, lakini siwafuati katika hukumu yao, kwani lililosemwa na kaumu nzima, mkuu kwa mdogo, kwa miaka elfu, ndiyo lugha yenyewe, na shahidi wake ni wale wavuvi na wateka maji.

Na kwa hao wavuvi na wateka maji ndipo lugha mbili zinapoachana. Mpemba huvua samaki, hapigi, huteka maji, hapigi, mwavuli huufungua. Kukoroma, ambako Mchina hukupiga, sisi tuna kitenzi chake. Kwikwi yeye huipiga, sisi hutushika. Na ile homa ya malaria ya baridi na kutetemeka, ambayo katika usemi wa baadhi ya majimbo ya kusini ya China hupigwa, kwetu humshika mtu au humpanda. Kwa upande mwingine, Mchina hana hodi ya kupiga mlangoni, na pasi haipigi. Basi yule tabibu aliyefurahi siku za mwanzo kwa kuona kwamba kitenzi chake chamfaa hukuta kwamba chamfaa mpaka mpaka wake, na mpaka huo hauonekani ila kwa kuambiwa na mwenyeji. Hii ndiyo elimu ambayo kamusi ya 1939 haikumtungia yeye, kwa kuwa ilitungwa kwa ajili ya Mwingereza, ambaye mashaka yake yalikuwa mengine.

Lililo gumu zaidi kwake ni mnyambuliko. Kitenzi cha Kichina hakigeuki, ilhali chetu hugeuka kwa herufi moja na kubeba habari nzima. Katika wodi tofauti baina ya aliyepiga na aliyepigwa si mzaha, kwani mtu aliyejeruhiwa kwa kupigwa anahusika na polisi kabla ya kuhusika na dawa. Na neno lenyewe la kupigwa lina milango mingi: mtu hupigwa sindano, hupigwa na jua, hupigwa na baridi, hupigwa na butwaa, na wako wanaosema mgonjwa kapigwa na upepo, wakikusudia maradhi ya kupooza ghafula, ambayo wengine huyanasibisha na pepo. Tabibu aliyesikia neno upepo akaandika habari za baridi na mafua angelikuwa amekosea maradhi ya mishipa ya ubongo, na saa zingelikuwa zinapita. Kosa hilo mkalimani aliyetegemea kitabu hawezi kuliokoa. Muuguzi aliyezaliwa Ziwani au Wawi huliokoa kwa neno moja.

Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, ndipo ilipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, na kisiwa hiki kimejulikana kwa utafiti wa minyoo na kichocho. Mwaka 2014 China, Zanzibar na Shirika la Afya Duniani zilitia saini makubaliano ya kupambana na kichocho, na kwa mujibu wake wataalamu wa taasisi ya maradhi ya vimelea ya Jiangsu walifanya kazi Pemba katika miaka iliyofuata, wakiwatafuta konokono katika mito na mabwawa, wakipiga dawa kwenye maji, na kupima mikojo ya watu. Kazi ya namna hiyo haifanyiki ndani ya wodi: sharti mtu apige hodi nyumba kwa nyumba, aongozane na sheha, awaeleze watoto kwa nini wasiogelee bwawani, na asikilize majibu yao.

Ripoti za maradhi zimeandikwa, na zipo. Lakini mafunzo ya lugha yaliyopita baina ya timu hizo na wenyeji, tangu ile ya 1964, yamebaki vifuani mwa wauguzi, wapishi, madereva na masheha waliofanya kazi pamoja nao, na baadhi ya watu hao sasa ni wazee sana. Taasisi zetu za Kiswahili zingetuma watu Mkoani na Chake Chake kuwasikiliza na kuyaandika, pamoja na kuwahoji madaktari waliokwisha kurejea Jiangsu, tungepata kitabu cha kumfundishia Mchina Kiswahili kilichoanza kwa kile anachokijua yeye, na tungepata pia majina ya walimu ambao hadi leo hawajatajwa popote.